Alibhai Mulla Jeevanjee na Mgogoro wa Uhamiaji Nchini Kenya

Utangulizi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara kuu akishaupita mji wa Kibwezi hufika Makindu, na hapo huliona hekalu la Masingasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh, lililojengwa mwaka 1926. Katika ua wa hekalu hilo kila mpita njia hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini wala kabila lake, na bila kudaiwa malipo. Sisi wenyeji wa sehemu hizi za Makueni tumelizoea hekalu hilo kiasi kwamba ni nadra kujiuliza waliolijenga walifikaje katika nyika ya Wakamba, mbali na bahari na mbali zaidi na kwao.

Jibu fupi ni kwamba walifuata reli. Jibu refu linahitaji kumtaja mtu mmoja ambaye jina lake wengi hulihusisha na bustani ya mapumziko tu katikati ya jiji la Nairobi. Mtu huyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha yake kwa muhtasari, na hasa nafasi yake katika ubishi mkali uliozuka nchini mwetu kati ya mwaka 1905 na 1923 kuhusu nani aruhusiwe kuingia Kenya, akae wapi, na awe na haki zipi akishaingia.

Suala hili si la kale pekee. Mwaka 2016 Waingereza walipiga kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na uhuru wa raia wa nchi za Ulaya kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine ulikuwa miongoni mwa hoja kuu zilizowagawanya. Nasi Afrika Mashariki tunayo Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo inaahidi watu na wafanyakazi kwenda na kurudi baina ya nchi wanachama. Kwa hiyo ni muhimu kuchunguza jinsi waliotutangulia walivyoligombania jambo hilo, na nani aliyeachwa nje ya mjadala.

Kuzaliwa Kwake na Safari za Ujanani

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, ambao leo umo nchini Pakistan lakini wakati huo ulikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Alizaliwa katika jamii ya Mabohora, Waislamu wa madhehebu ya Shia ambao tangu jadi wamejulikana kwa biashara. Elimu ya darasani hakuipata kwa wingi. Shule yake kubwa ilikuwa safari na soko.

Mnamo mwaka 1886 alivuka bahari hadi Adelaide, Australia, akafanya huko biashara ya bidhaa kutoka Mashariki. Yafaa tukumbuke kwamba baada ya yeye kuondoka, mwaka 1901, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwazuia watu wasio weupe kuhamia huko. Aidha, huko Afrika Kusini Wahindi walikuwa wakiwekewa vikwazo vya kila aina. Ni wazi basi kwamba Jeevanjee aliishi katika zama ambazo dola moja ya Kiingereza iliwafungulia baadhi ya raia wake milango ya dunia nzima na kuwafungia wengine. Jambo hili ndilo lililokuja kuwa kiini cha vita vyake.

Mwaka 1890 alitia nanga Mombasa. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa watu wa bara Hindi, kwani majahazi yalikuwa yamesafiri kwa upepo wa kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Kipya kilikuwa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta njia ya kupenya bara, na kampuni hiyo ilihitaji watu, vyakula na vifaa. Jeevanjee alikuwa tayari kuvileta.

Reli Yapenya Nyika ya Wakamba

Serikali ya Uingereza ilitwaa utawala wa nchi hii mwaka 1895, na ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria ukaanza. Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta mafundi na vibarua wa mwanzo kutoka India, na baadaye ya kuwapa wajenzi chakula na mahitaji mengine. Kufikia mwisho wa kazi hiyo, vibarua zaidi ya 31,000 walikuwa wameletwa kutoka India kwa mikataba. Takribani 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine waliliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Maelfu walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliochagua kubaki walikuwa kama 6,700.

Reli ilipokwisha kuvuka Tsavo iliingia Kibwezi na Makindu, na mwezi wa Mei 1899 ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki kuu Ukambani. Njaa ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye iliua watu na mifugo, na wengi walizihama boma zao kutafuta chakula. Wakati huo huo, wamisionari wa Kiskoti waliokuwa wamefungua kituo Kibwezi mwaka 1891 walishindwa na homa ya malaria, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Msomaji aikumbuke misheni hii, kwa maana tutakutana nayo tena.

Hivyo basi, katika muda wa miaka michache tu, ardhi hii ya Kibwezi ilishuhudia watu wa aina tatu wakiwa safarini: Mkamba aliyekimbia njaa, Mskoti aliyekimbia homa, na Mhindi aliyeifuata ajira. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa hati ya kusafiria. Ubishi kuhusu nani ana haki ya kuwa wapi ulianza baadaye, ardhi ilipoanza kugawanywa.

Tajiri wa Nairobi

Nairobi ilipochipuka, Jeevanjee alikuwa miongoni mwa wajenzi wake wakubwa. Kampuni yake ilijenga nyumba na ofisi nyingi za mwanzo, zikiwemo za serikali. Alijenga soko lililoitwa kwa jina lake. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa. Alipoliuza mwaka 1905 liliendelea kukua mikononi mwa Wazungu, na ndilo asili ya gazeti la Standard tunalolisoma hadi leo. Ni kinaya cha historia kwamba gazeti lililoanzishwa na Mhindi lilikuja kuwa sauti ya walowezi waliotaka Wahindi wazuiwe.

Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani pamoja na sanamu ya Malkia Viktoria. Baadhi ya watu huuona ukarimu huo kuwa ni kujipendekeza kwa watawala. Hata hivyo, tunaweza kuutazama kwa njia nyingine. Kwa kuisimamisha sanamu ya malkia katikati ya mji, Jeevanjee alikuwa akiwakumbusha Wazungu kwamba yeye pia ni raia wa malkia huyo, na kwamba uraia huo ulikuwa na thamani sawa kwa kila aliyekuwa nao.

Milango Yaanza Kufungwa

Walowezi wa Kizungu waliokuja baada ya reli kukamilika waliitaka nchi iwe yao. Wakiongozwa na Lord Delamere, walidai nyanda za juu zenye rutuba na hewa ya baridi ziwe za Wazungu peke yao. Serikali ya London ilikubali kwa utaratibu wa kiutawala, na kuanzia mwaka 1906 maafisa wakaacha kuwagawia Wahindi mashamba katika nyanda hizo. Mwaka 1913 ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, ilipendekeza makazi ya mijini yatengwe kwa misingi ya rangi kwa kisingizio cha usafi.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 Jeevanjee alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiyekuwa Mzungu. Alijikuta peke yake miongoni mwa watu ambao hawakutaka kumsikiliza. Mwaka 1910 alikwenda London, akawaeleza waandishi wa habari jinsi Wahindi walivyobaguliwa katika nchi waliyoijenga kwa jasho na kwa maiti zao. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu mjini Bombay cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Na mwezi wa Machi 1914, Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilipoundwa Mombasa, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Dola ni moja, na raia wa dola anapaswa kuwa huru kwenda, kukaa, kununua na kupiga kura popote bendera ya dola hiyo inapopepea. Ikiwa Mwingereza anaweza kutoka Liverpool na kupewa ekari elfu katika Bonde la Ufa, kwa nini Mhindi wa Karachi azuiwe? Dhidi ya walowezi, hoja hii ilikuwa na nguvu, na hawakuwa na jibu ila rangi ya ngozi.

Pamoja na hayo, mwandishi wa maisha ya mtu hana budi kusema kasoro zake. Katika ziara hiyo ya London, Jeevanjee alipendekeza kwamba ingekuwa heri Afrika Mashariki iunganishwe na India na kufunguliwa kwa wahamiaji wa Kihindi. Katika pendekezo hilo, Mwafrika hakuonekana kabisa. Aliyelalamika kwamba nchi inagawanywa bila yeye kushauriwa alikuwa tayari nchi hiyo hiyo igawanywe bila wenyewe kushauriwa.

Fahali Wawili

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ubishi ulizidi kuwa mkali. Tume ya Uchumi ya mwaka 1919, iliyotawaliwa na walowezi, iliwatukana Wahindi kuwa ni watu wanaowaharibu Waafrika kwa tabia na kuwaziba njia ya ajira, na kutaka uhamiaji wao ukomeshwe. Hesabu ya watu ya mwaka 1921 ilionyesha Wazungu 9,651 na Wahindi zaidi ya 22,000. Kwa hiyo walowezi waliogopa kwamba, kama Wahindi wangepewa kura sawa na uhuru wa kuingia, utawala wa nchi ungewaponyoka. Winston Churchill, ambaye mwaka 1908 alikuwa ameandika kitabu kilichowasifu Wahindi kwa mchango wao Afrika Mashariki, aliwaahidi walowezi mwaka 1922, akiwa Waziri wa Makoloni, kwamba nyanda za juu zingebaki kuwa zao.

Serikali ilipojaribu kutafuta suluhu ya kuwapa baadhi ya Wahindi kura na kuacha uhamiaji wao uendelee, walowezi walipanga njama ya kumteka nyara gavana na kuitwaa serikali kwa nguvu. Mwaka 1923 pande zote ziliitwa London. Jeevanjee, akiwa na umri wa miaka 67, alikuwa katika ujumbe wa Wahindi. Delamere aliongoza ujumbe wa walowezi.

Na Mwafrika je? Harry Thuku na wenzake wa chama cha East African Association walikuwa wametoa kauli yao katika mkutano wa Julai 1921 kwamba kuwepo kwa Wahindi hakukuwadhuru Waafrika. Malalamiko yao yalikuwa kuhusu kodi, kazi ya kulazimishwa na kipande. Thuku alikamatwa Machi 1922, waandamanaji waliodai aachiliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi, naye akapelekwa uhamishoni Kismayu. Hivyo, mkutano wa London ulipofanyika, aliyekwenda kuyasemea maslahi ya Mwafrika alikuwa Dakta John Arthur, mmisionari wa misheni ya Kiskoti ya Kikuyu, ile ile iliyozaliwa Kibwezi mwaka 1891. Naye alisafiri na kushirikiana na upande wa walowezi.

Waraka wa Devonshire uliotolewa Julai 1923 ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulizwa yanapogongana na ya wahamiaji. Wahindi walipewa viti vitano katika Baraza kwa orodha yao wenyewe, na Wazungu viti kumi na kimoja. Nyanda za juu zilibaki kuwa za Wazungu. Utengano wa makazi mijini ulikataliwa, na vilevile sheria ya uhamiaji ya kuwabagua Wahindi waziwazi, ingawa gavana aliagizwa atafute njia ya kudhibiti wageni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika kiuchumi. Kongresi iliukataa mpango huo na kuususia uchaguzi.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilitajwa kwa heshima kubwa katika hukumu, kisha zikaachwa zikanyagwe. Mwaka 1924 Dakta Arthur aliteuliwa kuwasemea Waafrika katika Baraza. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944.

Aliyezuiwa Kutembea Kwao

Mtu wa Kibwezi akiisoma historia hii hugundua jambo ambalo pande zote mbili zilizobishana hazikuligusa. Wakati Jeevanjee na Delamere wakigombana kuhusu nani aruhusiwe kuingia nchini, mwenye nchi hakuruhusiwa kutembea ndani yake. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita kubeba hati yenye alama za vidole vyake, ambayo wengi waliitia katika kijikebe cha chuma na kukivaa shingoni. Bila hati hiyo hakuweza kutoka katika eneo lililotengewa kabila lake na kutafuta kazi. Akimkimbia mwajiri mkatili, kipande kilimrudisha.

Katika sehemu zetu, ardhi kubwa ya Kibwezi ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, nje ya mipaka waliyotengewa Wakamba. Mkamba aliweza kufika hapo kama kibarua wa mkonge, lakini kulima shamba lake mwenyewe au kulisha ng'ombe wake kulimfanya kuwa mvamizi. Ndiyo maana familia nyingi za Kibwezi zilihamia hapa kutoka vilima vya Machakos na kwingineko wakati uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana. Kwa maneno mengine, sisi pia ni wahamiaji, na tulihamia katika nchi yetu wenyewe.

Miaka ya Mwisho na Yaliyofuata

Jeevanjee hakufa akiwa tajiri kama alivyokuwa. Siasa ilimgharimu muda na fedha, na biashara zake zilididimia. Alifariki Nairobi mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 80.

Hoja yake ilikuja kupewa jibu na Uingereza yenyewe, miaka 32 baada ya kifo chake. Kenya ilipopitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967, Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Kiingereza walianza kuhamia Uingereza. Mwezi wa Machi 1968 bunge la London lilitunga sheria kwa haraka ya kuwazuia. Yule raia wa dola ambaye Jeevanjee aliamini anaweza kwenda popote bendera inapopepea alikataliwa mlangoni mwa mwenye bendera. Miaka minne baadaye, Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, wakiwemo waliozaliwa huko.

Mwaka 1991 mpango wa kujenga majumba katika bustani ya Jeevanjee ulizuka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani pamoja na Wangari Maathai, na bustani ikaokolewa. Patel aliandika pia wasifu wa babu yake. Katika bustani hiyo, wananchi wa kawaida wamekuwa wakikusanyika kujadili siasa ya nchi yao. Na Julai 2017 serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wahindi wa Kenya kuwa kabila la arobaini na nne.

Hitimisho

Maisha ya Jeevanjee yanatufundisha mambo mawili ambayo hayana budi kushikwa kwa pamoja. La kwanza ni kwamba alikuwa na haki dhidi ya waliomzuia. Mtu aliyeijenga nchi hastahili kuhesabiwa mgeni milele kwa sababu ya rangi yake, na hoja za walowezi zilikuwa za kulinda mali, hata zilipovishwa joho la afya au la ulinzi wa Mwafrika. La pili ni kwamba alidai uhuru wa kuhama bila kumtazama mwenyeji ambaye uhuru huo huo alinyimwa. Kosa hilo halikumhusu yeye peke yake, kwani London, walowezi na wamisionari walilitenda pia, kila mmoja kwa lugha yake.

Mwezi wa Mei 2017 reli mpya iliyojengwa na kampuni ya Kichina ilifunguliwa, nayo ina kituo Kibwezi. Wakati wa ujenzi wake Wakenya walibishana hadharani kuhusu kazi zipi zifanywe na wageni na zipi na wenyeji. Safari hii tulikuwa na bunge, magazeti na kura, na hakuna mmisionari aliyehitajika kutusemea. Tofauti hiyo na ile ya mwaka 1923 ni kubwa. Hata hivyo, kila tunapojadili nani aje kwetu, au sisi twende kwa nani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunapaswa kuuliza kwanza: ni nani asiyekuwapo katika mkutano huu, na jina lake linatumiwa na nani?

Kwa sasa, msomaji atakayepita Makindu asimame kidogo. Atapewa chai na chapati na watu ambao babu zao walikuja na reli, na pengine ataketi kando ya Mkamba ambaye babu yake alivaa kipande shingoni.